Mwongozo Kamili: Kuendesha Kikao cha Kwanza cha Mchezo wa Doctor Who wa Mezani, kwa Kiswahili na Dadu za Ludo

Vikundi vingi vinavyojaribu mchezo huu vinakwama sehemu mbili zilezile. Ya kwanza, kitabu kipo kwenye simu, watu wanne wamekaa, karatasi za wahusika zimejazwa, lakini baada ya saa moja kila mtu anaperuzi kurasa akitafuta kanuni na hakuna aliyecheza. Ya pili, risasi zimeanza mapema, wahusika wawili wamekufa, na wiki inayofuata hakuna aliyepiga simu kuuliza tunakutana saa ngapi.

Chanzo cha yote mawili ni kimoja: msimulizi ameuendesha kama mchezo wa kupigana. Doctor Who ni tamthilia ya BBC iliyoanza mwaka 1963, na shujaa wake, msafiri wa wakati anayeitwa Doctor, hushinda kwa kuuliza, kubishana, kukimbia na kuunganisha nyaya. Kanuni za mchezo zimetungwa zifuate tabia hiyo. Ukizielekeza kwenye vita, zitakugomea.

Mwongozo huu ni wa anayekaa kiti cha msimulizi kwa mara ya kwanza. Yeye ndiye anayeeleza kinachoonekana na kusikika, wachezaji wanasema wahusika wao wanafanya nini, na dadu zinaulizwa pale tu penye mashaka. Namba ninazotumia ni za toleo la kwanza la wachapishaji Cubicle 7, la mwaka 2009. Toleo la pili la 2021 limebadilisha baadhi ya mambo, lakini hesabu ya msingi ni ileile, kwa hiyo hatua hizi zinakufaa hata kama una hilo.

## Vitu vya kuandaa

- Kitabu cha kanuni, nakala moja tu, kikae kwa msimulizi. Nakala ya kielektroniki inatosha.
- Dadu za kawaida za nyuso sita, mbili kwa kila mchezaji. Zile za ludo zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule ndizo hizohizo. Hii ndiyo sababu ninaupendekeza mchezo huu kwa watu wa Mwanza: michezo mingi ya aina hii inadai dadu za nyuso ishirini, ambazo itabidi uagize nje na kusubiri.
- Visoda (vifuniko vya chupa za soda) 60 kwa watu wanne, vya kuhesabia pointi katika Hatua ya 8. Mama muuza soda yeyote atakupa bure. Vioshe, vikaushe.
- Karatasi za wahusika. Chapisha kwenye duka la steshenari, au chora mwenyewe kwenye daftari.
- Penseli na vifutio, kwa sababu namba zitabadilika mezani.
- Taa ya kuchaji. Umeme ukikatika katikati ya kisa, hutaki watu waanze kuondoka.
- Wachezaji watatu au wanne. Wakifika sita, wawili watakaa kimya kikao kizima.

Tenga saa tatu. Simu ziwe kimya, isipokuwa ya msimulizi yenye kitabu.

## Hatua ya 1: Wekeni mipaka kabla ya kugusa dadu

Wasimulizi wengi wanairuka hatua hii, na katika mji wetu ndiyo nzito kuliko zote.

Mchezo unawapa wachezaji TARDIS, chombo kinachosafiri katika wakati, chenye umbo la kibanda cha bluu cha polisi wa Uingereza na ukubwa wa ajabu ndani. Mpe mtu wa Mwanza chombo hicho na atauliza, mapema sana: turudi kabla ya tarehe 21 Mei 1996, siku meli ya MV Bukoba ilipozama, tuizuie isiondoke bandarini. Mwingine atataja tarehe 20 Septemba 2018 na kivuko cha MV Nyerere pale karibu na kisiwa cha Ukara. Anayeuliza hana ubaya wowote. Ni swali la moyo. Lakini mezani anaweza kuwepo mtu aliyempoteza mama au kaka siku hiyo, na huenda hajawahi kuwaambia.

Kwa hiyo, kabla ya yote, kila mmoja aandike kwenye kikaratasi jambo ambalo hataki liingie kwenye kisa. Karatasi hazina majina. Msimulizi anazikusanya, anasoma kimoyomoyo, na yaliyomo hayaguswi. Halafu tangaza mwenyewe, kwa sauti: ajali za kweli za ziwa letu si kisa cha mchezo. Usisubiri mtu aombe.

Mchezaji akishikilia kwamba TARDIS inaweza kufika popote, tamthilia yenyewe inakupa jibu. Mwaka 2008 ilionyeshwa sehemu inayompeleka Doctor kwenye mji wa kale wa Pompeii, siku ya mlipuko wa volkano ya Vesuvius, na hawezi kuuokoa mji, kwa kuwa yapo matukio katika wakati ambayo hayabadiliki. Sema hivyo kwa upole, kisha endelea.

Utajua hatua hii imefaulu kama watu wamelegea na mtu ameshaanza kuuliza atacheza nani.

## Hatua ya 2: Tengenezeni wahusika kwa dakika 30

Kila mhusika ana sifa sita: Umakini, Wepesi, Ubunifu, Mvuto, Uthabiti na Nguvu. Nimezipanga kama zilivyo kwenye karatasi ya kitabu ili usipotee. Binadamu huanzia 1 na kuishia 6. 3 ni mtu wa kawaida. Mchezaji ana pointi 24 za kugawa kati ya sifa hizo na vipaji au kasoro za mhusika, na pointi nyingine 18 za stadi.

Stadi ni kumi na mbili, nazo pia nimezifuatanisha na kitabu: Mazoezi, Ushawishi, Ufundi wa mikono, Kupigana, Elimu, Shabaha, Tiba, Sayansi, Hila, Kuishi porini, Teknolojia na Vyombo.

Wazuie watu kuanza na namba. Waulize kwanza: unafanya kazi gani, na nani atakutafuta usiporudi nyumbani leo? Fundi wa injini za boti pale Igogo, muuguzi anayetoka zamu ya usiku Bugando, mwanafunzi wa SAUT, dereva wa bodaboda wa Buzuruga. Ukishajua mtu anafanya nini, namba zinajipanga zenyewe: fundi anapata Ufundi 4 na Teknolojia 3, muuguzi anapata Tiba 4.

Kuhusu nani awe Doctor: kwa kikao cha kwanza, asiwe mchezaji yeyote. Anayecheza Doctor anageuka mwenye majibu yote, na wenzake wanabaki wasindikizaji. TARDIS iwepo, mlango uwe wazi, mwenyewe asionekane. Kutafuta mwenye kibanda kutawapa wachezaji sababu ya kuingia.

Mwisho wa hatua hii kila mchezaji awe na karatasi moja na sentensi mbili za kumtambulisha mhusika wake. Akianza kusimulia utoto wake wote, mkatishe. Hayo yatatoka mezani.

## Hatua ya 3: Andaa kisa kwa maswali matatu

Usiandike kurasa kumi. Wachezaji wataenda upande usioutarajia, na kurasa tisa zitaoza. Andika majibu ya maswali haya tu: Kuna nini kisicho cha kawaida? Hicho kitu kinataka nini? Kisipozuiwa, usiku wa leo utaishaje?

Huu hapa mfano unaoweza kuuchukua ulivyo.

Kuna nini? Usiku wa giza, mitumbwi ya dagaa imetawanyika ziwani na taa zake. Kutoka kilima cha Capri Point ziwa linaonekana limejaa nuru. Ila usiku wa tatu sasa, kuna taa zinazowaka chini ya maji, nazo zinaiga za juu. Mtumbwi ukizima, ile ya chini inazima. Ukiwasha, inawasha. Wavuvi watatu wamerudi wakiwa hawakumbuki hata majina yao. Na kwenye mwalo wa Kirumba, katikati ya vibanda vya mawakala wa pesa, kimesimama kibanda cha bluu ambacho kila mmoja anadhani ni cha jirani.

Kinataka nini? Hapa ndipo sayansi ya kweli inapokubeba. Utafiti wa tope la chini ya Ziwa Victoria unaonyesha kwamba ziwa hili liliwahi kukauka, na likajaa tena kama miaka 15,000 iliyopita. Chombo cha wageni kilitua kwenye uwanda wa nyasi. Maji yakaja. Aliyemo ndani alilala, na akaamka alipoona juu yake nuru nyingi zikipepesa: akadhani ni wenzake wamekuja kumchukua. Anajibu. Kila anapojibu kwa nguvu, akili ya mvuvi aliye karibu inafutika. Hajui kwamba anaumiza mtu.

Usiku utaishaje? Mwezi hautatoka, kwa hiyo mitumbwi yote itakuwa majini. Wakati wa mbalamwezi wavuvi wa dagaa hupumzika, kwa kuwa taa zao hazivuti samaki, na kiumbe hunyamaza. Usiku wa leo ataita kwa nguvu zake zote.

Angalia kwamba hakuna wa kumuua. Kisa kinatatuliwa kwa kugundua kuwa taa ni lugha, kuwashawishi wavuvi wapepese kwa mpangilio mmoja, na kumwambia yule wa chini: subiri. Wakiingia kwenye TARDIS wanaweza kurudi wakati wa uwanda mkavu, wasimame juu ya nyasi mahali ambapo leo feri ya Kamanga inapita, na wamsikie akiwa bado mzima. Waache wafike huko wenyewe. Usiwasukume.

Kama unataka kisa cha pili baadaye, tazama sangara. Aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na aina nyingi za furu zikapotea. Nani angependa kusafiri na ndoo ya furu hai kutoka mwaka 1950?

## Hatua ya 4: Fundisha dadu kwa dakika tano

Sheria ni moja: rusha dadu mbili, jumlisha, ongeza sifa inayohusika na stadi inayohusika. Ukifikia namba ya ugumu au kuipita, umefaulu. Basi.

Mrushie kila mchezaji jaribio moja jepesi kabla ya kisa kuanza. "Umefika mwaloni alfajiri, unataka kuutambua mtumbwi uliorudi usiku bila samaki. Umakini na Elimu, ugumu 9." Akisharusha mara moja, hutahitaji kurudia maelezo.

Onyo: usidai dadu kwa kila kitu. Kupanda daladala, kununua dagaa, kumuuliza mtu njia, hayo yanatokea tu. Dadu zinatoka pale ambapo kushindwa kungeleta jambo la kusimuliwa.

## Hatua ya 5: Chagua ugumu kwa hesabu, usibahatishe

Vikao vingi vinafia hapa kimyakimya. Msimulizi anataka kisa kiwe cha kusisimua, anataja 18 kwa kila kitu, wachezaji wanashindwa mara nne mfululizo, wanaacha kujaribu.

Kitabu kinasema 9 ni jambo la msingi, 12 la kawaida, 15 lenye utata, 18 gumu. Sasa mchukue mhusika mwenye sifa 3 na stadi 2, jumla 5. Dadu mbili zina matokeo 36 yanayowezekana.

- Ugumu 9: anahitaji 4 kwenye dadu. Atafaulu mara 33 kati ya 36.
- Ugumu 12: anahitaji 7. Mara 21 kati ya 36, zaidi kidogo ya nusu.
- Ugumu 15: anahitaji 10. Mara 6 kati ya 36.
- Ugumu 18: anahitaji 13. Dadu mbili haziwezi kutoa namba hiyo.

Hata bingwa mwenye jumla ya 7 akikutana na 18 anahitaji 11, yaani mara 3 kati ya 36. Kwa kikao cha kwanza, 12 iwe desturi yako, 15 uitunze kwa nyakati mbili au tatu za usiku mzima, na 18 usiitaje.

Nina nyongeza moja ambayo haimo kitabuni: mchezaji akikutana na mtu mzima ndani ya kisa na kumwamkia inavyostahili, kwa "shikamoo" au kwa "mwadila" kama ni mzee wa Kisukuma na ni mchana, ninamwongezea 2 kwenye Ushawishi. Ninaitetea kwa moyo wote. Hakuna mzee wa mwaloni atakayemweleza siri za ziwa kijana aliyemfikia bila salamu, na kanuni hii inawafanya wachezaji waseme maneno ya mhusika badala ya kusema tu "ninamshawishi."

## Hatua ya 6: Jifunze matokeo sita kwa kichwa

Mchezo huu hauna kufaulu na kushindwa tu. Tazama umepita ugumu kwa kiasi gani, au umepungukiwa kiasi gani.

- Umepita kwa 9 au zaidi: ndiyo, tena na nyongeza.
- Umepita kwa 4 hadi 8: ndiyo.
- Umefikia kamili au umepita kwa 1 hadi 3: ndiyo, lakini.
- Umepungukiwa 1 hadi 3: hapana, lakini.
- Umepungukiwa 4 hadi 8: hapana.
- Umepungukiwa 9 au zaidi: hapana, tena na balaa.

Mfano. Mchezaji anamwomba tajiri mwenye mtumbwi awapeleke ziwani usiku. Mvuto 4, Ushawishi 3, dadu zimetoa 4 na 2. Jumla 13, ugumu 12. Ndiyo, lakini: tajiri anakubali, ila anapanda pamoja nanyi, na ana wasiwasi na kila mnachokigusa. Ona kisa kilivyojiongeza bila wewe kuandaa kitu.

Andika "lakini" tano kwenye karatasi yako kabla ya kikao. Injini inazima. Mtu anawaona. Chaji ya tochi inaisha. Polisi wa majini wanakuja. Mtoto amejificha ndani ya mtumbwi. Ukikwama, chukua moja.

## Hatua ya 7: Hatari ikija, wasemaji wanatangulia

Hii ndiyo kanuni inayoutofautisha mchezo huu na mingine yote ninayoijua, na ndiyo inayosahaulika haraka zaidi. Hatari ikizuka, usiulize nani ana kasi kubwa. Uliza kila mmoja anafanya nini, kisha uwaruhusu kwa mpangilio huu: wanaozungumza, wanaokimbia au kusogea, wanaofanya kazi nyingine kama kufungua mlango au kutengeneza kifaa, na mwisho kabisa wanaopigana.

Maana yake ni kwamba mchezaji anayepaza sauti "Subiri! Hatujaja kukudhuru!" anasikilizwa kabla ya risasi yoyote, ya adui au ya mwenzake. Anayechagua ngumi anangoja wote wamalize. Ukiifuata kanuni hii bila kuyumba, wachezaji wenyewe wataacha kutafuta silaha.

Waambie pia mapema kwamba majeraha hupunguza sifa zenyewe. Ukipigwa, Nguvu au Wepesi unashuka, na kila utakachofanya baadaye kinakuwa kigumu zaidi. Silaha za maadui wakubwa kama Dalek zimeandikwa kuwa zinaua moja kwa moja. Usimweke Dalek kwenye kikao cha kwanza, hata kama mchezaji mmoja anamwomba sana.

Umefaulu hapa ukisikia mtu akisema, "Mimi naongea naye kwanza."

## Hatua ya 8: Visoda viende na kurudi

Kila binadamu anaanza na pointi 12 za kisa. Mpe visoda 12 mkononi. Vya ziada vikae kwako.

Baada ya kurusha dadu, kisoda kimoja kinapandisha matokeo ngazi moja: "hapana, lakini" inakuwa "ndiyo, lakini". Vinaweza pia kununua dokezo pale kikundi kinapokwama.

Wachezaji wapya wanavikumbatia hadi mwisho na kuondoka navyo vyote. Dawa ni kuvirudisha. Mchezaji akiifuata kasoro ya mhusika wake mpaka akajiingiza matatani, kwa mfano mdadisi aliyeweka mkono ndani ya maji yanayong'aa, mpe kisoda palepale, kila mtu aone. Wakishaona vinarudi, wataanza kuvitumia. Kufikia nusu ya kikao kila mmoja awe amebakiwa na vichache kuliko alivyoanza navyo. Kama bado wanavyo vyote, mambo yamekuwa mepesi mno, ongeza hatari.

## Hatua ya 9: Funga dakika 20 kabla ya muda

Angalia saa. Zikibaki dakika 40, peleka kila mtu ziwani, hata kama kuna kidokezo hakijapatikana. Kisa kilichokamilika kwa haraka kina faida kuliko kizuri kilichokatika, kwa sababu wiki ijayo mmoja wao atakuwa safarini Geita.

Dakika 20 za mwisho, uliza maswali mawili: ulifurahi wapi, na ulichoka wapi? Andika majibu. Usijitetee. Kila mchezaji arekebishe namba mbili au tatu za mhusika wake, kwa kuwa sasa anamjua.

## Mkikwama

Wote wamenyamaza. Usiulize "mnafanya nini?" Mtaje mmoja: "Dada muuguzi, mvuvi huyu anakutazama na machozi yanamtoka. Unamwambia nini?"

Mmoja anatawala mazungumzo. Watenganishe wahusika. Wawili waende mwaloni, wawili wabaki na kibanda cha bluu, na uwe unahama kila baada ya dakika tano.

Hamna anayeijua tamthilia. Haina shida. Waeleze mambo matatu tu: kuna msafiri wa wakati anayeitwa Doctor, chombo chake ni kibanda cha bluu, na habebi silaha.

Mnabishania kanuni. Msimulizi anaamua papo hapo, anaandika swali pembeni, na kitabu kinafunguliwa baada ya kikao. Ukiona umekosea, toa uamuzi mpya kuanzia kikao kijacho. Yaliyokwisha kutokea ziwani yabaki yalivyotokea.

Wamemwua kiumbe. Inawezekana. Usiwagombeze. Zima taa zote za chini ya maji kwa mara moja, acha ziwa liwe jeusi, kisha waambie kwamba wale wavuvi watatu bado hawakumbuki majina yao, na aliyekuwa anaweza kuwarudishia hayupo tena. Kikao cha pili kinaanzia hapo.